Kufundisha kasi na wepesi: maswali ambayo makocha, walimu na wazazi wa Arusha na Moshi huuliza mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila msimu. Yanatoka kwa walimu wa michezo wanaoandaa timu za UMITASHUMTA na UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari), makocha wa soka la vijana kuanzia Ngarenaro, Arusha, hadi Pasua, Moshi, walimu wa netiboli na kikapu, na wazazi wanaosimama pembeni ya uwanja. Majibu yamepangwa kwa mada. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi; utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kasi na wepesi vinatofautianaje?

Kasi ni kwenda mbele kwa mstari ulionyooka, haraka kadiri mwili unavyoweza. Kwanza kuna kuchomoka, yaani hatua za mwanzo mpaka mita 20 au 30, kisha kuna kasi ya juu kabisa inayofuata. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, kipande alichokwenda haraka kuliko vyote kilikuwa kati ya mita 60 na 80. Mwanafunzi wa sekondari hufika kileleni mapema zaidi na huanza kushuka mapema zaidi.

Wepesi ni kubadili mwendo au mwelekeo kwa sababu ya kitu ulichokiona au kukisikia: beki amekuvaa, mpira umedunda vibaya, mwenzako amekuita upande wa pili. Kuzunguka koni ambazo mchezaji anajua tangu mwanzo zilipo ni kubadili mwelekeo tu. Kuna manufaa yake, lakini macho na maamuzi yanabaki bila kufundishwa.

2. Kasi si mtu huzaliwa nayo?

Wapo waliojaliwa zaidi, na hakuna kocha atakayembadilisha kila mtoto kuwa bingwa wa mita 100. Lakini karibu kila kijana ambaye hajawahi kufundishwa anaweza kuwa na kasi zaidi ya aliyonayo leo: akijifunza kuchomoka vizuri, akiongeza nguvu ya miguu, na akikimbia kwa nguvu zake zote mara kwa mara huku amepumzika. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana zaidi huku kwetu.

3. Huku ni nchi ya mbio ndefu. Kwa nini tuhangaike na kasi?

Ni kweli, sifa ya kanda hii imejengwa na mbio za kati na ndefu. John Stephen Akhwari alitoka Mbulu, Filbert Bayi alitoka Karatu, na wakimbiaji wengi wa marathoni wamefanya mazoezi Arusha. Urithi huo ni wa kujivunia. Shida ni kwamba umetufanya tupime kila zoezi kwa jasho: timu ya netiboli inazungushwa uwanja mara 15, washambuliaji wa soka wanapelekwa barabarani kilomita nane, halafu tunashangaa kwamba hawachomoki. Mwili hujifunza kile unachofanyishwa.

Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu mwenyewe, tazama swali la 19.

4. Mnasema vijana wapumzike dakika tatu baada ya kukimbia mita 30 tu. Si watakuwa wamekaa bure?

Hawakai bure, na kama ungechukua jibu moja tu kwenye ukurasa huu ningependa liwe hili.

Mtu anapokimbia kwa nguvu zote, msuli hutumia akiba ndogo ya nishati iliyomo ndani yake, ambayo humtosha kwa sekunde zipatazo kumi. Akiba hiyo hujirudisha kwa kupumzika, na huchukua dakika kadhaa. Mishipa ya fahamu inayoamuru misuli ifyatuke nayo huchoka. Ukimrudisha kijana mstarini baada ya nusu dakika, hatakimbia kwa kasi yake. Atakimbia kwa kasi ya mtu aliyechoka, mabega yamepanda, magoti hayanyanyuki, na hiyo ndiyo mbio atakayokuwa ameizoea. Zoezi la namna hiyo lina jina lake, ni la stamina, nalo lina siku yake.

Kipimo ambacho makocha wengi wa mbio fupi hutumia ni dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10 alizokimbia kwa nguvu zote. Mita 30, dakika tatu. Mita 60, dakika sita. Si sheria ya kukatwa kwa kisu, lakini ukikosea, kosea kwa kuzidisha.

Mwalimu mwenye wanafunzi 40 na filimbi moja hana haja ya kuogopa. Wapange safu kumi za watu wanne. Ruhusu safu moja kila sekunde 20. Zamu inaporudi kwa safu ya kwanza, zimepita dakika tatu na ushee, na hakuna aliyelala. Walio kwenye foleni wape kazi ya kutazama: nani ameinua kichwa mapema mno, nani anatupa mikono pembeni? Mtoto anayejifunza kuona kosa kwa mwenzake huanza kulihisi mwilini mwake.

Kuhusu wazazi wanaolalamika kwamba "leo hawajatoka jasho": waonyeshe muda. Mtoto aliyekimbia mita 30 mara sita na mara ya sita ikawa sawa na ya kwanza amefanya zoezi la kasi. Sekunde zikianza kuongezeka, kazi ya kasi kwa siku hiyo imekwisha, hata kama bado kuna nusu saa.

## Kupanga zoezi

5. Zoezi la kasi liwe mara ngapi kwa wiki, na lini?

Mara mbili kwa wiki, zikitenganishwa kwa saa 48 au zaidi, zinawatosha vijana wengi. Liwe mwanzoni, mara baada ya kupasha mwili, kabla ya mechi ya mazoezi na kabla ya mbio za stamina. Kwa anayeanza, jumla ya mita 200 hadi 300 za nguvu zote kwa siku ni kazi ya kutosha.

6. Mchakamchaka wa asubuhi unatosha kupasha mwili?

Unaanza vizuri, lakini hautoshi. Baada ya mwili kupata joto, vijana watembee kwa hatua ndefu za kuchuchumaa mguu mmoja mbele, wabembee miguu mbele na nyuma, wainue magoti, warukeruke, kisha wakimbie mbio tatu au nne zinazopanda taratibu: nusu ya nguvu, robo tatu, karibu zote. Kunyoosha msuli kwa kuushikilia muda mrefu mahali pamoja kuwe baada ya zoezi. Kukifanyika kabla ya mbio za nguvu zote kunaweza kupunguza mfyatuko, yaani nguvu ya ghafla ya msuli.

Juni na Julai asubuhi za Arusha ni za baridi kali, na wengi huja wamevaa masweta. Waache wapashe mwili wakiwa nayo, wavue wakati wa kukimbia, wavae tena wakiwa kwenye foleni. Moshi Januari na Februari tatizo ni kinyume: joto. Fanya mapema au jioni, na ndoo ya maji ya kunywa iwepo.

7. Nimwelekeze nini kuhusu namna ya kukimbia? Nikisema mengi anachanganyikiwa.

Basi sema moja. Kwenye kuchomoka, neno langu ni "sukuma ardhi nyuma". Mwili mzima ulale mbele kuanzia kifundo cha mguu hadi kichwani, si kujikunja kiunoni, na macho yatazame chini mita chache mbele. Anyanyuke kidogokidogo, asiruke wima hatua ya pili.

Akishafika kasi ya juu, "simama mrefu, piga chini". Unyayo utue karibu na chini ya nyonga, usitangulie mbali mbele, maana mguu unaotangulia ni breki. Kwa wakimbiaji wakubwa mguu hukaa ardhini kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, kwa hiyo hakuna muda wa kufikiria maelekezo matatu.

Mikono: viwiko vimekunjwa, mkono uende nyuma kwa nguvu, vidole vilegee. Uso uliokaza taya huonyesha shingo iliyokaza.

8. Mchezaji wangu ana kasi lakini hawezi kugeuka. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kusimama. Anayeshindwa kupunguza mwendo hawezi kugeuka, na sehemu kubwa ya majeraha ya goti hutokea wakati huo wa kutua au kukata kona. Mkimbize mita 10, asimame ndani ya hatua tatu: nyonga zimeshuka, magoti yamekunjwa, hatua fupifupi za haraka, kifua hakijaanguka mbele. Goti lielekee vilipo vidole vya mguu. Likiporomoka kwa ndani, rudisha kasi chini mpaka aweze.

Akishamudu, ndipo aongeze pembe: kwanza kona pana ya nyuzi 45, halafu 90, mwisho kugeuka kabisa kurudi alikotoka. Mguu wa nje ndio unaosukuma. Fundisha pande zote mbili, kwa kuwa karibu kila mchezaji ana upande anaoukwepa bila kujijua.

9. Ngazi ya kamba ya kuchezesha miguu inaongeza wepesi?

Inaongeza uhodari wa kucheza kwenye ngazi. Ni nzuri kwa kupasha mwili na kwa watoto wadogo kupata mpangilio wa miguu. Lakini macho yako chini, hatua ni ndogo, nguvu inayosukumwa ardhini ni kidogo, na hakuna cha kuamua. Dakika tano zinatosha. Kama klabu yako ina fedha ya kununua kitu kimoja, nunua mipira.

10. Bila vifaa, nifundishe wepesi kwa mchezo gani?

Rede. Mabinti wetu wamekuwa wakiucheza kwa vizazi, na ndani yake kuna kila kitu: warushaji wawili, mmoja katikati anayesoma mkono wa mrushaji, anachepuka, anageuka, anaruka, anapanga upya miguu kabla mpira haujarudi. Kuna cha kuona, kuna uamuzi, kuna mwendo. Wavulana wa soka wacheze pia. Tumia mpira laini, raundi ziwe za sekunde 10 hadi 15, kisha aingie mwingine.

Kukimbizana wawili wawili ndani ya eneo dogo kunafaa vilevile: mmoja anaongoza, mwingine anamfuata kama kivuli. Au kocha asimame mbele na kunyoosha mkono kushoto au kulia mchezaji akishakaribia. Chandimu ya watatu kwa watatu kwenye uwanja finyu hufundisha chenga nyingi kuliko mstari wa koni.

## Uwanja, hewa na vifaa

11. Hatuna uwanja wa tartani. Inawezekana kweli?

Inawezekana. Unachohitaji ni mita 40 zilizo tambarare na mita 20 nyingine za kusimamia. Nyasi fupi ni bora. Kabla ya kuanza, vijana watembee mstari mzima kuokota mawe na vigae na kufukia mashimo; ardhi yetu ya volkano ina mawe yanayochomoza kila baada ya mvua. Wakati wa vumbi, mwagia maji sehemu za kugeukia, maana ndipo miguu huteleza. Wakati wa masika, matope yakishika, acha kabisa mbio za nguvu zote na kona za kasi. Siku hiyo fanya mazoezi ya nguvu darasani au kwenye korido pana.

Lami haifai kwa mbio za nguvu zote za kurudiarudia. Inaumiza muundi, na magari hayana subira.

12. Mwinuko wa Arusha unasaidia au unadhuru?

Arusha iko kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini yake, chini ya mita 1,000. Hewa nyepesi humkinza mkimbiaji kidogo zaidi, hivyo mbio fupi hunufaika kidogo. Ndiyo maana Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico, kwenye mita 2,240, ilivunja rekodi nyingi za mbio fupi na kuruka. Katika orodha za riadha, muda uliowekwa juu ya mita 1,000 huandikiwa herufi A. Muda wa Arusha utaandikiwa, wa Moshi hautaandikiwa.

Kwa zoezi la kila siku jambo la kuzingatia ni jingine: mgeni aliyetoka Tanga au Dar es Salaam atachelewa kurudisha pumzi kati ya mbio. Mwongezee mapumziko siku za mwanzo.

13. Vilima vyetu vinafaa? Na kuvuta tairi?

Kilima cha mteremko wa wastani ni zawadi kwa anayejifunza kuchomoka, kwa sababu kinamlazimisha alale mbele na asukume. Mita 15 hadi 25 zinatosha, ashuke kwa kutembea, apumzike kama ilivyo kwenye swali la 4. Kukimbia kushuka kwa nguvu zote waachie waliokomaa na wenye kocha anayejua.

Tairi kuukuu la gari dogo lililofungwa kamba kiunoni linafanya kazi ileile. Kama mkimbiaji anajikunja au anakanyaga kwa kusuasua, ni zito mno.

14. Viatu gani?

Vinavyomkaa vizuri. Njumu kwenye nyasi, raba nyepesi kwenye ardhi ngumu, spaiki (viatu vyenye miiba) kwa wanaoshindana mbio fupi peke yao. Kijana aliyezoea peku anaweza kufanya mazoezi mepesi peku penye nyasi safi, lakini kona za kasi zinahitaji kiatu kinachoshika.

15. Nawezaje kupima maendeleo kwa simu?

Rekodi video, ukisimama pembeni ya mstari wa kumalizia, kisha pitisha picha moja moja. Ni sahihi kuliko kubonyeza saa kwa kidole. Saa ya mkono, yaani inayobonyezwa na mtu, humpunguzia mkimbiaji muda. Kwenye mita 100 riadha ilizoea kuongeza sekunde 0.24 ili kulinganisha na saa ya umeme. Ukianza na saa ya mkono, baki nayo, na apime mtu yuleyule.

Pima mita 30 kwa kasi. Kwa kugeuka, weka mistari mitatu: wa kuanzia, mwingine mita 10 mbele, wa tatu mita 5 zaidi. Anza kuhesabu anapopita mstari wa pili, aguse wa tatu, ageuke, simamisha anaporudi kwenye wa pili. Rudia kwa mguu wa pili. Wepesi wenyewe, ule wa kuamua, hauna kipimo rahisi. Utazame kwenye mechi.

## Watoto, mabinti na waliokomaa

16. Aanze akiwa na umri gani?

Wa darasa la kwanza hadi la nne wacheze: rede, kukimbizana, kuruka kamba. Kuanzia miaka 10 au 11 unaweza kuingiza kuchomoka na kusimama kwa mpangilio.

17. Mwanangu alikuwa wa kwanza darasani. Tangu arefuke, anajikwaa na anaachwa. Amekuwa mvivu?

Hapana, mzazi. Amerefuka ghafla kuliko nguvu yake na mpangilio wa viungo vyake vilivyoweza kumfuata. Mabinti hulipitia hili yapata miaka miwili kabla ya wavulana. Hudumu kwa miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi. Punguza mruko mwingi na mbio nyingi, ongeza nguvu nyepesi na usawa wa mwili, na usimwondoe kwenye timu. Akilalamika maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya kofia ya goti, hayo huwapata wengi wa umri huo wanaokimbia sana. Apunguziwe kazi, na yakizidi aonwe na daktari.

18. Mabinti wafanye tofauti?

Zoezi la kasi ni lilelile. Cha kuongeza ni uangalizi wa goti, kwa kuwa kwenye michezo ya kukata kona na kutua, kama netiboli na kikapu, mabinti huchanika ukano wa ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Swali la 8 lisirukwe. Programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+ imeonyesha kupunguza majeraha ikifanywa kwa uaminifu, na haihitaji kifaa zaidi ya mpira.

Na kocha wa kiume asikilize binti anaposema leo hayuko sawa. Nafasi ya kusema hivyo bila kutazamwa vibaya ni sehemu ya mazoezi.

19. Mkimbiaji wangu wa mita 5,000 ana haja gani na kasi?

Haja kubwa. Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 mjini Christchurch kwa dakika 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo. Huwezi kuongoza namna hiyo bila kuwa na kasi ya akiba. Na Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, muda uleule na mshindi wa pili, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, medali iliamuliwa kwa kuchomoka.

Mpe mbio nne hadi sita za mita 60 hadi 80, mara moja au mbili kwa wiki, siku asiyokuwa na mbio ndefu miguuni, na mapumziko kamili.

## Hali za pekee

20. Msuli wa nyuma ya paja umevutika. Arudi lini?

Asimame hapohapo, asijaribu "kuulainisha" kwa kukimbia wala kukandwa kwa nguvu siku hiyo. Aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla ya kurudi kwenye nguvu zote, aweze kukimbia robo tatu ya kasi bila maumivu, na mguu ulioumia uwe na nguvu sawa na mwenzake. Anayerudi mapema huumia tena palepale.

Kuzuia ni rahisi zaidi: apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ashuke mbele polepole akijizuia kwa mapaja mpaka afike chini kwa mikono. Anza na mara chache, maana kesho yake atasikia. Zoezi hili likifanywa kila wiki hupunguza sana majeraha ya msuli huo.

21. Kichurachura ni zoezi zuri la mfyatuko?

Kama zoezi lenye hesabu, kuna bora kuliko hilo: kuruka mbele kwa miguu miwili na kutua kimya, mara tano, kupumzika. Kama adhabu, liachwe. Mwanafunzi anayerushwa kichura mpaka magoti yatetemeke amejifunza kutua vibaya na kuchukia uwanja kwa mpigo mmoja.

22. Wachezaji wangu wamefunga Ramadhani. Nisimamishe?

Punguza tu. Mbio chache fupi karibu na kufuturu, au baada ya futari tumbo likitulia. Mbio za stamina kwenye jua ndizo za kuahirisha.

23. Mashindano yamebaki wiki mbili na timu haina kasi. Niwakimbize kila siku?

Kwa wiki mbili huwezi kujenga kasi ambayo haikuwepo, lakini unaweza kuwapeleka wakiwa hawajachoka, na timu nyingi hupoteza hapo. Wiki ya kwanza fanya zoezi la kasi mara mbili kama kawaida. Wiki ya pili kata jumla ya mita kwa nusu lakini kasi ibaki ya juu: mara nne za mita 30, siku tatu au nne kabla ya siku yenyewe. Fanyeni mianzo na kupokezana kijiti bila kuchoka. Ondoa mbio za kuzunguka uwanja kabisa.

Kama mnasafiri kwa basi siku nzima, wakifika watembee, wapashe mwili kidogo, wale ugali au wali wao waliouzoea na walale mapema. Mbio ya kwanza ya nguvu zote iwe ya mashindano.